Pambano katika brekidansi: maana yake na hesabu yake

Pambano ni wachezaji wawili wanaopokezana sakafu mbele ya majaji, DJ akipiga muziki ambao hakuna kati yao aliyeuchagua. Mmoja anaingia, anacheza kwa dakika moja hivi, anatoka, mwenzake anamjibu. Zamu zote mbili zikiisha, raundi moja imekamilika na majaji wanapiga kura. Hakuna alama zinazotolewa kwa mchezaji peke yake, kama ilivyo kwenye jimnastiki. Swali analoulizwa jaji ni moja: katika raundi hii, nani kamzidi mwenzake?

Wanaotazama kwenye runinga mara nyingi hupotea hapo. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Raygun wa Australia alipoteza kila pambano kwa kura 18 kwa 0, na watu mitandaoni wakadai majaji wamempa sifuri. Hawakumpa sifuri. Majaji walikuwa 9, kila pambano la makundi lilikuwa na raundi 2, na 9 mara 2 ni 18. Maana ya matokeo yale ni kwamba hakuna jaji hata mmoja aliyemwona bora kuliko mpinzani katika raundi yoyote. Amepitwa kidogo au amepitwa mbali, kura haisemi.

Kura yenyewe hupatikana hivi. Jaji wa Paris alikuwa na vitufe 5 vya kutelezesha, vyote vikianzia katikati: mbinu, msamiati wa miondoko, upekee, utekelezaji na kuufuata muziki. Kila kimoja kina uzito wa asilimia 20. Mchezaji mmoja huitwa mwekundu na mwenzake wa bluu. Ukimwona mwekundu ana mbinu bora, unasogeza kitufe cha mbinu upande wake, kidogo au sana kadiri unavyoona. Sasa tuseme jaji amemsogezea mwekundu hatua 12 kwenye mbinu, halafu akamsogezea wa bluu hatua 4 kwenye kila kigezo kati ya vinne vilivyobaki. Mwekundu ana 12, wa bluu ana 16, kura inakwenda kwa bluu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuzunguka kwa kichwa mpaka ukumbi ukapiga mayowe na bado akapoteza raundi. Kura 5 kati ya 9 zinatosha kuichukua raundi hiyo. Wingi wa kura husaidia kwenye makundi, wachezaji wanapolingana kwa raundi walizoshinda.

Kwa kuwa kila kura ni ulinganisho wa watu wawili kwa dakika chache, rekodi ya mchezaji haisomeki kama ya mkimbiaji mwenye muda wake bora. Mfano mzuri ni Shigekix, jina la ulingoni la Shigeyuki Nakarai wa mkoa wa Osaka, aliyezaliwa 2002. Alianza akiwa na miaka 7, akimfuata dada yake Ayane, ambaye naye ni mchezaji. Mwaka 2018, kwenye Olimpiki ya Vijana jijini Buenos Aires, alichukua shaba nyuma ya Bumblebee wa Urusi na Martin wa Ufaransa. Mwaka 2020 alitwaa Red Bull BC One, mashindano ya dunia ya mmoja kwa mmoja, jijini Salzburg akiwa na miaka 18, ukumbi ukiwa hauna watazamaji kwa sababu ya korona. Mashindano hayo hayatumii vitufe: majaji 5 wanainua majina, basi.

Halafu Oktoba 2023 akamshinda Hong 10 wa Korea Kusini kwenye fainali ya Michezo ya Asia, Hangzhou, na dhahabu hiyo ikawa tiketi yake ya Paris. Wiki chache tu baadaye, Hong 10 huyo huyo, aliyekuwa anakaribia miaka 40, akatwaa BC One kwa mara ya tatu. Upande wa wanawake mambo yalikuwa ya namna hiyo hiyo: Ami Yuasa wa Japani alishindwa na mchezaji wa China anayejiita 671 pale Hangzhou, akashinda BC One mwezi huo huo, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki. Ukimuuliza mtu wa fani hii nani bora kati ya Ami na 671, atakuuliza kwanza: siku gani, na kwa muziki gani?

Sehemu ngumu kuliko zote, na isiyoonekana kwenye matangazo, ni akiba ya miondoko. Paris kila aliyeingia makundi alicheza mapambano 3 ya makundi yenye raundi 2, yaani zamu 6. Robo fainali, nusu fainali na pambano la medali zilikuwa na raundi 3 kila moja. Kwa anayefika mwisho, jumla ni zamu 15 kwa siku moja, kila moja ikichezwa kwa nguvu zote. Kurudia mwondoko mkubwa ulioutumia tayari kunapunguza thamani yako kwenye msamiati, na kuiga mwondoko unaojulikana kuwa wa mtu mwingine ni aibu kubwa zaidi. Kwa hiyo mchezaji huja na seti za miondoko zilizopangwa: hizi za makundi, hizi za robo, hizi za mwisho. Ukizificha sana, unatolewa mapema zikiwa mfukoni. Ukizimwaga zote mapema, unafika nusu fainali ukiwa mtupu na mapaja yanatetemeka.

Shigekix aliingia Paris akiwa mmoja wa wanaopewa nafasi kubwa. Alikuwa hata ameibeba bendera ya Japani kwenye ufunguzi pamoja na mchezaji wa vitara Misaki Emura. Alifika nusu fainali, akapoteza, kisha akashindwa na Victor wa Marekani kwenye pambano la shaba. Akamaliza wa nne.

Silaha yake inayojulikana zaidi ni frizi, yaani kusimamisha mwili ghafla katika umbo fulani. Tuichukue ile ya kwanza kabisa kufundishwa. Kiganja kimoja kinakaa sakafuni vidole vikitazama nje, na kiwiko cha mkono huo kinachomekwa kwenye tumbo, pembeni, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Upande wa kichwa unagusa sakafu, mkono wa pili unasaidia mizani, na goti linaegemea kiwiko chake. Uzito unabebwa na ule mkono wa tumboni. Kichwa kinagusa tu. Anayeanza hukosea kwa kuweka kiwiko kwenye mbavu, nacho kinateleza, au kwa kuumwaga uzito kichwani, shingo inauma na miguu inashuka.

Hiyo ni frizi ya kuanzia chini, polepole. Kwenye pambano unaifikia ukitoka kwenye mzunguko wa kasi, miguu ikiwa hewani, na kasi yote lazima ife kwenye mkono mmoja. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde. Ukichelewa robo sekunde, umesimama katikati ya mapigo mawili na jaji anasogeza kitufe cha muziki kwa mpinzani. Ukiyumba baada ya kusimama, kitufe cha utekelezaji nacho kinakwenda. Shigekix husimama kama aliyepigwa misumari, kisha anaruka kutoka frizi moja hadi nyingine bila kugusa sakafu kwa miguu, na hilo linahitaji mabega zaidi kuliko ujasiri. Pia linakula nguvu nyingi, jambo linalorudi kwenye hesabu ya zile zamu 15.

Brekidansi haimo kwenye ratiba ya Olimpiki ya Los Angeles 2028. Ipo kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ngazi ile ile ambayo Shigekix alichukulia shaba yake akiwa na miaka 16.