Je, wajua kwa nini injini ya gari kuukuu hutetemeka gari likisimama, kisha hutulia likienda?

Aliyewahi kukwama katika msongamano wa Barabara ya Jinja jijini Kampala jioni, ndani ya gari lililoundwa kabla ya mwaka 2000, huenda anaifahamu hali hii. Usukani unatikisika, kioo cha kutazamia nyuma kinacheza hata taa za gari lililo nyuma zinaonekana mbilimbili, na sindano ya mizunguko inapanda na kushuka kana kwamba injini inashindwa kuamua izime au iendelee. Polisi akiruhusu magari kupita, dereva anakanyaga mafuta, na baada ya mita 50 kila kitu kimetulia. Madereva wengi huhitimisha kwamba tatizo si kubwa, kwa kuwa gari likienda linakwenda vizuri, na makanika wengi huanza tiba kwa kubadilisha plagi, vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Hitimisho hilo si sahihi, na tiba hiyo hufaulu mara nyingine kwa bahati tu.

Ili kuelewa kinachotokea, tuanze na hesabu ndogo. Injini ya petroli yenye silinda nne hufanya kazi kwa mapigo manne, yaani kuvuta hewa na mafuta, kugandamiza, kuwaka na kutoa moshi, na mapigo hayo huchukua mizunguko miwili ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni za injini. Kwa hiyo kila silinda huwaka mara moja tu katika mizunguko miwili. Gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma, kranki huzunguka mara 750 hivi kwa dakika, maana yake silinda zote nne kwa jumla huwaka mara 25 kwa sekunde, na kila silinda peke yake huwaka mara 6 na robo. Silinda moja isipowaka, jambo ambalo mafundi huliita kumisi, kranki hukosa msukumo mmoja katika kila minne, na mtikisiko unaojirudia mara 6 kwa sekunde ni wa polepole kiasi cha kuhisiwa waziwazi na mikono iliyoshika usukani.

Mizunguko ikipanda hadi 3,000, mapengo yale yale hujirudia mara 25 kwa sekunde, na raba zinazoshikilia injini humeza mtikisiko wa haraka namna hiyo kwa urahisi zaidi. Isitoshe, flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa kranki, huhifadhi nishati kwa kadiri ya mraba wa mwendo wake, kwa hiyo mwendo ukiongezeka mara 4, nishati iliyohifadhiwa huongezeka mara 16, na akiba hiyo hulipa deni la silinda iliyolala kabla dereva hajahisi lolote. Silinda inaweza kuwa bado imekufa vilevile. Anayetaka uthibitisho aangalie matumizi yake ya petroli, au alipeleke gari mlimani Kololo likiwa na abiria wanne.

Hapo mlimani ndipo utambuzi wa kweli unapoanzia, kwa sababu si kila ubovu unafichwa na mwendo. Upo unaotoweka gari likiongezewa mafuta, na upo unaozidi. Cheche ya plagi huruka kwa shida zaidi kadiri mgandamizo ndani ya silinda unavyokuwa mkubwa, na mgandamizo huwa mkubwa dereva anapokanyaga mafuta kupanda kilima. Kwa hiyo koili dhaifu (kifaa kinachoipa plagi umeme wa volti nyingi), waya wa plagi uliopasuka au plagi iliyopanuka mwanya huonyesha udhaifu wake gari likibeba mzigo, hata kama kwenye sehemu tambarare halilalamiki. Hewa inayopenya isipotakiwa hufanya kinyume: huisumbua injini gari likiwa limesimama na kusahaulika likienda kasi. Swali la kwanza la fundi makini, basi, ni lini injini inatetemeka: asubuhi ikiwa baridi, mchana ikiwa imepata moto, baada ya mvua, au wakati wote?

Swali la pili ni silinda ipi. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalorukwa zaidi, ingawa halihitaji kifaa chochote cha bei. Injini ikiwa inanguruma, fundi huchomoa soketi ya umeme ya injekta moja, yaani kifaa kinachopulizia petroli, husikiliza, huirudisha, kisha huenda kwenye inayofuata. Akiizima silinda yenye afya, mngurumo hushuka na gari hutetemeka zaidi. Akiizima ile iliyokwisha kufa, hakuna kinachobadilika. Mafundi wa zamani walikuwa wakichomoa waya wa plagi badala ya soketi ya injekta, na wengi bado wanafanya hivyo, lakini waya ule hubeba maelfu ya volti, na silinda isiyo na cheche huendelea kumwagiwa petroli mbichi ambayo huishia kwenye katalaiza, kile kisafishio cha moshi kilicho katika bomba la moshi, kama bado ipo, na kuiunguza.

Silinda ikishajulikana, kubahatisha hupungua sana. Plagi yake huhamishiwa silinda jirani, na ubovu ukihama nayo, mshitakiwa amepatikana. Ukibaki palepale, waya au koili nayo hujaribiwa kwa namna hiyo hiyo. Rangi ya plagi pia inasema. Ncha yenye kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya, masizi meusi makavu ni dalili ya mafuta kuzidi hewa, weusi uliolowa oili unaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na weupe wa majivu unaonyesha joto kupita kiasi au hewa kuzidi mafuta. Usiku, bila taa, ukirashia maji kidogo kwenye waya za plagi huku injini ikinguruma na mikono yako ikiwa mbali, unaweza kuona cheche za buluu zikirukia chuma mahali ambapo mpira umepasuka.

Kuna sababu moja ambayo huku kwetu imezoeleka mno. Katika injini nyingi za Kijapani plagi zimezama ndani ya visima virefu katikati ya kifuniko cha valvu. Gari hupelekwa woshingi bei, kijana hufungua boneti na kuipiga injini kwa maji ya presha, na visima vile hujaa. Gari lililoingia likiwa zima hutoka likikohoa. Tiba yake ni kuchomoa waya, kukausha visima na kungoja. Lakini ukikuta kisima kimejaa oili badala ya maji, gasketi ya kifuniko cha valvu au sili za visima zimechoka, na plagi mpya utakazonunua leo zitaoga oili ile ile.

Ikiwa cheche haina lawama, na hasa ikiwa mtikisiko hauko katika silinda moja tu, sharti hewa ichunguzwe. Gari likisimama, kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta huwa karibu kimefungwa kabisa, na pistoni zinazovuta hewa isiyopatikana huzalisha ombwe ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, shinikizo likishuka hadi kama theluthi moja tu ya lile la hewa ya nje. Tundu dogo katika mpira wowote uliounganishwa na manifoldi hufyonza hewa kwa nguvu wakati huo. Injini inahitaji uzito wa hewa mara 14.7 hivi ya uzito wa petroli, na kwa kuwa hewa inayotumika gari likisimama ni kidogo, ile ya wizi huwa sehemu kubwa ya jumla na kuuharibu uwiano huo. Kilango kikifunguliwa wazi, ombwe hupungua, hewa halali huingia kwa wingi, na ile ya wizi haina uzito tena.

Hili nililijifunza kwa fedha zangu. Gari langu lilitetemeka miezi miwili. Nilinunua plagi, nikanunua chujio la petroli, na fundi mmoja, ambaye simtaji kwa sababu alikuwa na nia njema, alikuwa amekwisha kunishawishi kununua pampu. Fundi mwingine aliubana kwa koleo mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta ya breki, kifaa kinachomwongezea dereva nguvu ya kukanyaga breki, na injini ikatulia papo hapo. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Njia hiyo ya kubana mpira mmoja baada ya mwingine ni salama kuliko ile ya kupulizia kemikali ya kusafishia kabureta, ambayo huonyesha tundu kwa kubadilisha mngurumo lakini inaweza pia kushika moto kwenye bomba la moshi lililo moto. Magari yanayopima hewa kwa sensa ya shinikizo la manifoldi huwa na tabia tofauti kidogo: kompyuta huihesabu hewa ya wizi kama halali na kuiongezea mafuta, kwa hiyo mngurumo hupanda juu mno, au hupanda na kushuka kama mtu anayepumua.

Hewa inaweza pia kupungua. Masizi na mvuke wa oili hujenga ukoko mweusi kuzunguka kilango cha hewa na ndani ya valvu ndogo inayopitisha hewa gari likisimama, na katika vumbi la barabara zetu za murami, pamoja na chujio lisilobadilishwa, ukoko huo hauchelewi. Kuusafisha ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu mafuta sina mengi ya kusema. Wengi wetu huweka petroli kidogo kidogo na kuendesha huku sindano ikiwa chini. Tangi likikaa karibu tupu, pampu iliyo ndani yake, ambayo hupozwa na petroli yenyewe, hupata joto. Gari lenye mafuta haba hutetemeka na pia hukosa nguvu mlimani, katika silinda zote. Silinda moja tu ikikosa mafuta, injekta yake imeziba au soketi yake imelegea.

Kompyuta ya gari husaidia, lakini si kwa namna ambayo wengi hudhani. Namba zinazotaja silinda inayomisi, kuanzia P0301 kwa silinda ya kwanza hadi P0304 kwa ya nne, ni za mfumo uliolazimishwa nchini Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na magari mengi ya soko la Japani yaliyotufikia yana mfumo wa zamani usiojua kumisi ni nini. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, unaunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku kidogo kilicho karibu na injini, unafungua swichi bila kuwasha, kisha unahesabu mimeto ya taa ya injini. Mbili, kituo, mbili ni namba 22, yaani sensa ya joto la maji, na sensa hiyo ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta humwaga mafuta kupita kiasi na plagi zote nne hugeuka nyeusi.

Hatimaye kuna mgandamizo, na hapa nchi yetu ina jambo lake. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 tu ya lile la Mombasa, na Kabale ni juu zaidi. Ikiwa kitabu cha gari kinataja kipimo cha mgandamizo cha 180 kwa geji ya pauni kwa inchi ya mraba, injini ile ile ikiwa nzima itaonyesha kama 156 hapa Kampala. Fundi anayesoma kitabu bila kukumbuka mwinuko anaweza kuhukumu injini yenye afya kwamba imekwisha. Kinachofaa ni kulinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe: moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, ina kasoro. Kijiko cha oili kikimiminwa katika silinda hiyo na kipimo kikapanda sana, ringi zimechakaa. Kisipopanda, valvu haifungi vizuri. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imepasuka kati yake. Valvu ya moshi iliyoungua ina jaribio lake la kizamani ambalo bado nalipenda: karatasi nyepesi ikishikwa mwishoni mwa bomba la moshi husukumwa nje wakati wote injini ikiwa nzima, lakini valvu ikivuja, karatasi hunyonywa kuelekea bombani mara kwa mara.

Hutokea pia kwamba vipimo vyote ni vizuri na gari bado linatetemeka. Basi toka nje, simama nyuma, usikilize bomba la moshi. Mlio ukiwa sawasawa, bila pengo, ilhali ndani viti vinatikisika, na hasa mtikisiko ukizidi gari la otomatiki linapowekwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, huku breki ikiwa imekanyagwa, injini haimisi hata kidogo. Kilichokufa ni raba zinazoishikilia, na sasa mtikisiko wa kawaida ambao kila injini ya silinda nne huuzaa unapita moja kwa moja kutoka chuma hadi chuma, mpaka kwenye usukani.