Je, wajua kwamba Carlo Borromeo alikuwa kardinali kabla hajawa padre?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ngazi ya Kanisa Katoliki hupandwa kwa utaratibu mmoja tu: shemasi, padre, askofu, na juu kabisa kardinali. Maisha ya Carlo Borromeo, askofu mkuu wa Milano, ndiyo yaliyonionyesha kosa langu. Alizaliwa Arona, kaskazini mwa Italia, mwaka 1538, akahitimu sheria Pavia mwaka 1559, na Desemba ya mwaka huohuo mjomba wake akachaguliwa kuwa Papa Pius IV. Mwezi uliofuata, Carlo akiwa na miaka 21 na bila upadre, alifanywa kardinali, kisha akakabidhiwa usimamizi wa jimbo kuu la Milano.

Nilichokuwa nakichanganya ni daraja na cheo. Daraja takatifu ni tatu, yaani ushemasi, upadre na uaskofu; hutolewa kwa kuwekewa mikono, na Kanisa linafundisha kwamba alama yake haifutiki. Ukardinali ni cheo cha mshauri wa Papa, nacho hutolewa kwa uteuzi. Waziri wa afya anaweza kusimamia hospitali zote za nchi bila kuwa daktari, lakini uwaziri haumruhusu kumpasua mgonjwa hata mmoja. Na siku akiacha uwaziri, hana alama yoyote anayobaki nayo. Ndivyo Borromeo alivyoweza kushughulikia barua na mambo ya utawala wa Papa huku akiwa hawezi kuadhimisha misa. Ndivyo pia Ferdinando de' Medici wa Firenze, ambaye naye hakuwa padre, alivyoweza kuuacha ukardinali na kuoa mwaka 1589. Hata hivyo, ngazi niliyoifikiria haikuwa ndoto tupu, kwa kuwa makardinali wengi walikuwa kweli mapadre au maaskofu. Ila sharti la kila kardinali kuwa angalau padre liliingia katika mkusanyo wa sheria za Kanisa mwaka 1917.

Milano nayo ilikuwa kama shamba ambalo mwenyewe anaishi mbali: mavuno yanamfikia, kazi inafanywa na wasimamizi. Kwa takriban miaka 80 askofu mkuu hakuwa amekaa jimboni.

Novemba 1562 kaka yake Federico alifariki, na jamaa wakamtaka Carlo aoe ili ukoo usikatike. Yeye akachagua upadre mwaka 1563, na tarehe 7 Desemba akawekwa wakfu kuwa askofu, siku tatu baada ya kufungwa kwa Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu uliowataka maaskofu wakae majimboni mwao. Aliingia Milano Septemba 1565. Tauni ilipozuka mwaka 1576, wakubwa wengi walikimbia. Yeye alibaki, akaagiza altare zijengwe barabarani, ili watu waliofungiwa majumbani waifuate misa kutoka madirishani.