Lami kwenye rangi ya gari: yaache mafuta yafanye kazi

Juzi dada mmoja aliniletea Vitz yake nyeupe. Alikuwa amepita kwenye barabara iliyomwagwa lami asubuhi ile ile, milango yote chini imejaa madoadoa meusi. Madoa yenyewe hayakunishtua. Kilichoniuma ni mikwaruzo: aliyemwoshea gari alikuwa ameyasugua kwa stilwaya na sabuni ya unga. Lami imebaki, mng'ao umeondoka.

Lami inatokana na mafuta ghafi, ndiyo maana maji na sabuni haviiwezi. Inayeyushwa na jamaa yake. Wajenzi wa barabara wanalijua hilo: lami nyepesi ya MC-30, wanayonyunyizia juu ya kifusi kabla ya tabaka la juu, huwa imezimuliwa kwa mafuta ya taa ili itiririke. Nami naitoa kwa mafuta ya taa hayo hayo.

Osha gari kwanza kwa maji mengi, kisha liegeshe kivulini hadi bodi ipoe. Lami ya barabarani huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi, na bodi nyeusi ikikaa juani inavuka hapo. Ukifuta wakati huo, unaitandaza tu. Lowesha kitambaa laini cha pamba kwa mafuta ya taa, kilaze juu ya doa, ngoja dakika mbili au tatu. Pembeni utaona weusi unachuruzika wenyewe, kama majani ya chai kwenye maji ya moto. Hapo futa taratibu, kuelekea upande mmoja, halafu geuza kitambaa upate sehemu safi. Doa likigoma, kilaze kitambaa tena. Usiongeze nguvu ya mkono, tafadhali sana.

Nasisitiza hivyo kwa sababu tone la lami lililoruka kutoka kwenye tairi hubeba punje za mchanga na vumbi la kokoto. Kliya, lile tabaka angavu linaloikinga rangi, kwa kawaida haizidi sana sehemu ya ishirini ya milimita. Punje moja ikikandamizwa na mkono unaozunguka inatosha kuchora duara ambalo jua la saa nne litalionyesha mtaa mzima.

Wengi hukimbilia tina, kile kiyeyushi cha kuzimulia rangi. Gari zetu nyingi zimeshapigwa rangi upya mtaani, na rangi ya duko hukauka kwa tina kuruka tu, haina hadina ya kuikaza. Hata baada ya miaka, ukiigusa kwa tina inarudi kuwa uji. Kama hujui gari lako lilipakwa nini, tina usiiguse, na hata mafuta ya taa yajaribu kwanza upande wa ndani wa mlango. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, acha, tafuta fundi. Tina pia hupasua plastiki ya taa. Petroli siitumii kabisa; mvuke wake ni moto unaosubiri cheche. Mafuta ya taa nayo yanawaka, basi sigara na jiko viwe mbali.

Kwenye raba za milango na plastiki nyeusi za bampa natumia mafuta ya kupikia. Yanachelewa, robo saa hivi, lakini raba haivimbi.

Ukimaliza, osha sehemu hiyo kwa shampuu ya gari, kausha, kisha paka waksi, maana mafuta yameondoa ile ya zamani. Tone jipya likidondoka juu ya waksi na ukaliwahi lingali bichi, mafuta kidogo ya kupikia yanalitoa.