Jezi mpya, kiwanja hakipo: tunavyowasikia vibaya wagombea udiwani

Kampeni zikipamba moto Dar, hakosekani mgombea udiwani anayefika kiwanjani jioni na mfuko wa jezi na mipira miwili. Picha zinapigwa, na kijiweni hukumu inatoka palepale: huyu anapenda michezo. Nimecheza ndondo na jezi za namna hiyo. Namba ya mgongoni ilianza kubanduka mechi ya tatu. Kauli nne hizi hapa chini, zetu na za wagombea, nazo tunazipokea vibaya vilevile.

"Michezo na utamaduni ni mambo ya wizara, diwani atuletee barabara."

Nusu yake ni kweli. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko chini ya serikali kuu, na Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama ni cha Makumbusho ya Taifa. Mgombea akiahidi kuvikarabati, mpigie makofi ya adabu tu. Lakini halmashauri nazo zina maofisa wao wa utamaduni na michezo, na Kinondoni ilifika hadi kumiliki timu ya mpira, KMC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018.

"Nikishinda, kikundi chenu cha ngoma kitapata hela."

Anakuahidi cha kwako. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa. La kumuuliza ni kama atawasaidia wapiga mdundiko na vijana wa singeli kusajili kikundi na kuandika mradi, maana wengi wanakwamia hapo.

"Tukimpa kura, ukumbi utajengwa."

Diwani ana kura moja barazani. Bajeti inapitishwa na baraza zima la madiwani, utekelezaji uko kwa mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais, na hata meya huchaguliwa na madiwani wenzake, si na mimi na wewe. Sheria ndogo, wanayoitunga barazani, ndiyo silaha yao, nasi hatuiulizii kabisa. Kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, mathalani, wagombea wengi wanajua neno moja tu, marufuku. Binafsi ningemsikiliza anayesema ngoma ipigwe wapi na izimwe saa ngapi, maana wagonjwa na watoto wa shule wanalala mtaa huohuo.

"Pale ni eneo la wazi, halina mwenyewe."

Hii ndiyo iliyotuponza. Eneo la wazi ni mali ya umma. Limo kwenye mchoro wa mipango miji na matumizi yake yameandikwa. Kuyabadili kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na kukubaliana na mtu mmoja nyuma ya ofisi si sehemu ya utaratibu huo.

Kwetu lilianza kontena moja kwenye kona. Likafuata banda la mama ntilie, ambaye nani angemsema na sisi tulikuwa tunakula kwake kwa mkopo? Mwaka uliofuata zikasimama fremu sita, goli la upande ule likasogezwa hadi ukutani kwa choo, na kipa akawa anadaka huku kaziba pua. Leo watoto wanapigia danadana kwenye upenyo kati ya fremu mbili, mpira ukigonga mlango wa duka wanakimbia.

Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na barazani ana wenzake wa kamati ya mipango miji. Habari ya kontena la kwanza inaweza kufika mezani kwake kabla hata halijapakwa rangi. Kwa hiyo akisema "nitalinda viwanja," muulize kipi, na mpaka wake unaishia wapi.

Mimi nilimuuliza mmoja, mkutanoni, mbele ya watu. Akatabasamu, akamgeukia kijana wake wa mfuko, kisha akaniuliza navaa saizi gani.