Mifuko chini ya macho: kabla ya krimu, piga picha tatu

Mama mmoja alikaa mbele yangu, akafungua mkoba, akaanza kupanga makopo mezani mpaka yakafika saba. La mwisho lilikuwa dogo, jeupe, halina maandishi yoyote, na kifuniko chake kimezungushiwa plasta. "Dokta, nimepaka yote haya miezi minane na mifuko iko palepale. Kata tu."

Sikukata. Lile kopo jeupe nitalirudia.

Mimi ni daktari wa macho, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kope. Watu huja na neno moja, mifuko, lakini ndani ya neno hilo mna matatizo manne au matano yasiyofanana: maji yaliyotuama, mafuta yaliyosukumwa mbele, ngozi iliyolegea, weusi usio na uvimbe wowote, na kivuli cha kibonde kilicho kati ya kope na shavu. Kinachotibu moja hakigusi lingine. Mtu anaweza kumaliza mshahara akipaka krimu ya weusi juu ya mafuta.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, kama nusu milimita tu. Chini yake kuna msuli, nyuma ya msuli kuna utando, na nyuma ya utando, kwenye kope ya chini, kuna vifuko vitatu vya mafuta. Mafuta hayo yamelizunguka jicho kama pumba zinavyolizunguka yai ndani ya sanduku. Umri ukisogea utando hulegea, na mafuta yaliyokuwa yamekaa kwao hujitokeza mbele. Hayana uhusiano na unene. Mtu mwembamba kama mwanzi anaweza kuwa nayo, na kufunga kula hakuyaondoi. Kwa wengine huanza wakiwa na miaka 20 na kitu, kwa sababu wameyarithi. Tazama picha ya zamani ya mama yako au babu yako, mara nyingi jibu liko pale.

Maji ni habari nyingine. Ukilala chali usiku kucha, maji ya mwilini husambaa mpaka usoni na kutulia penye tishu laini. Chumvi huongeza, kwa sababu inayashikilia maji mwilini. Aliyekula ng'onda au chipsi zenye chumvi nyingi saa nne usiku ataziona usoni asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na kwenye vile vidonge vya mchuzi. Pombe, kulia sana na siku za kabla ya hedhi nazo huchangia.

Utajuaje ni kipi? Piga picha tatu siku moja: ukiamka tu, saa sita mchana, na jioni. Simama dirishani palepale, usitumie urembo wa simu. Uvimbe ukipungua mchana, hayo ni maji. Ukibaki vilevile, shuku mafuta. Kisha inua macho utazame dari bila kuinua kichwa. Mafuta hujitokeza zaidi. Vuta ngozi taratibu kwa kidole. Weusi ukibaki na rangi ileile, hiyo ni rangi ya ngozi yenyewe, na kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi ni rangi ya familia, si ugonjwa. Elekeza uso kwenye mwanga wa mbele. Weusi ukitoweka, kilikuwa kivuli.

Maji hayahitaji krimu ya bei. Ongeza mto mmoja, punguza chumvi ya usiku, weka kitambaa cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kumi. Pakiti za majani ya chai zinazosifiwa mtandaoni husaidia kidogo, kwa kuwa kafeini hubana mishipa, lakini kazi kubwa inafanywa na ubaridi. Macho yakiwasha, tafuta mzio: vumbi, mende, manyoya ya paka, wanja mpya. Hapo dawa ni ya mzio, na kuacha kusugua. Anayesugua macho miaka mingi hujiachia weusi ambao hakuzaliwa nao.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi.

Figo yenye afya huzuia protini isipotelee kwenye mkojo. Chujio zake zikiharibika, protini huvuja, damu hushindwa kuyashika maji ndani ya mishipa, nayo hutoka kwenda penye ulegevu kuliko pote. Pale ni kope. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka mitano aliyepewa dawa za mzio wiki sita nzima. Kila asubuhi macho yalikuwa karibu kufumba, lakini hayawashi, hayana wekundu. Nikamuuliza bibi yake mkojo ukoje. "Una povu, mwanangu, kama la Omo, na haliishi." Tulichovya kijiti cha kupimia mkojo, na ndani ya dakika moja kikabadilika rangi. Kipimo hicho ni cha bei ndogo na kinapatikana hata kwenye zahanati nyingi. Mtoto anayeamka amevimba macho siku kadhaa mfululizo apimwe mkojo kabla ya kupewa chupa ya pili ya dawa ya mzio. Mjamzito anayevimba uso asingoje kabisa: aende kliniki siku hiyohiyo apimwe presha na mkojo, kwa sababu hivyo ndivyo kifafa cha mimba kinavyoweza kuanza.

Na lile kopo jeupe? Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika British Medical Journal taarifa ya watu wazima 60 wenye ugonjwa huohuo wa figo kuvuja protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi, huingia kwenye damu, hufika kwenye figo. Kwa hiyo mtu anapaka mkorogo ili uso upendeze, na mkorogo uleule unaweza kumpa macho yaliyovimba. Vipodozi vya zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini bado vinauzwa kwa kupimwa kwenye vikopo visivyo na jina.

Hata mkorogo usio na zebaki mara nyingi una steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Ikipakwa karibu na jicho kwa miezi, hufanya ngozi kuwa nyembamba zaidi mpaka mishipa ionekane, na inaweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya macho. Presha ya macho kwa kawaida haiumi. Mtu hugundua wakati pembe za anachokiona zimeshakwisha, na kilichokwisha hakirudi. Nawaomba dada zangu, na kaka zangu pia maana siku hizi nao wanapaka: acheni hilo kopo. Kama umelitumia muda mrefu, mwone daktari wa ngozi akuachishe kwa utaratibu. Limau nalo liacheni. Limau likikutana na jua la kwetu huunguza ngozi na kuacha doa jeusi kuliko la mwanzo.

Mafuta yakithibitika, tiba ya kweli ni upasuaji. Hakuna krimu inayoyarudisha ndani. Mimi hupendelea kupitia ndani ya kope, upande ule mwekundu, hivyo hakuna kovu nje. Njia hii si ngeni, Mfaransa Bourguet aliieleza mwaka 1924. Zamani madaktari walitoa mafuta mengi na mtu akabaki na macho yaliyozama kama ya mgonjwa. Siku hizi mara nyingi tunayasogeza yakajaze kile kibonde cha juu ya shavu. Ngozi ikiwa imelegea sana, tunakata kidogo chini ya mstari wa kope za nywele. Wengi huniuliza kuhusu makovu ya kuvimba. Kwenye kope ni nadra mno, hata kwa mtu ambaye sikio lake lilivimba alipotoboa. Michubuko huchukua kama wiki mbili. Madhara yapo: macho kukauka, kope kuvutwa chini, na kwa nadra sana damu kuvuja nyuma ya jicho. Maumivu makali na kuona giza usiku wa kwanza ni dharura, mpigie daktari wako hata saa nane za usiku.

Sindano za kujaza kibonde, za asidi ya hayaluroniki, hufaa kivuli, hazifai mfuko mkubwa. Uzuri wake ni kwamba zinaweza kuyeyushwa. Ubaya wake ni kwamba dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha jicho ndani ya dakika chache. Saluni si mahali pake. Leza kwenye ngozi nyeusi inataka mkono uliozoea ngozi nyeusi, la sivyo huacha madoa. Retinoli, ya jamii ya vitamini A, hukaza ngozi kidogo baada ya miezi ya uvumilivu, na mjamzito asiiguse.

Jicho moja likivimba ghafla, nawe una homa, linauma ukiligeuza au unaona viwili viwili, nenda hospitali leo.

Mkojo wa yule mama ulikuwa na protini. Nilimpeleka kwa daktari wa figo, na kopo likaenda naye. Baada ya miezi mitano alirudi. Uvimbe wa asubuhi ulikuwa umepungua sana. Uliobaki ni mafuta, sawasawa na ya mama yake kwenye picha aliyonionyesha. Hajaamua kuhusu upasuaji, na nimemwambia kwamba daktari wa figo aridhie kwanza ndipo tuongee. Nawe ukija, njoo uso mkavu bila poda wala wanja, na picha zako tatu, na makopo yote, hata lile lisilo na jina.