Kwa nini mtoto aliyelipwa dola 100,000 kwa kila kipindi alikuja kuwa mlinzi?

Je, wajua kwamba Gary Coleman, Mmarekani aliyekuwa akilipwa kufikia dola 100,000 kwa kipindi kimoja cha televisheni akiwa bado mtoto, alipokuwa mtu mzima alivaa sare za ulinzi ili apate riziki? Mwaka 1999 aliomba mahakama imtambue kuwa amefilisika. Alikuwa na miaka 31 tu.

Kisa chake kinatugusa sisi wa Bagamoyo kuliko mtu angedhani. Tuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Tuna magofu ya Kaole, milango ya nakshi ya Mji Mkongwe na ufukwe, na wenye kamera wanavipenda sana. Watoto wetu wanakua wakiona ngoma na maigizo, kwa hiyo wapo wanaozungumza mbele ya watu bila haya kabla hawajamaliza darasa la nne. Siku mtoto kama huyo anapoitwa kwenye usaili wa tamthilia, mzazi huuliza jambo moja ambalo halijibiwi kirahisi: pesa ya huyu mtoto ni ya nani?

Coleman alizaliwa mwaka 1968 na akalelewa mji wa Zion, jimbo la Illinois, na wazazi waliomchukua akiwa mchanga. Figo zake zilikuwa mbovu tangu utotoni. Alipandikizwa figo mwaka 1973, akapandikizwa tena mwaka 1984, na zote mbili hazikudumu. Ugonjwa pamoja na dawa zake ulimzuia kurefuka, akaishia kimo cha takriban mita 1.42.

Mwaka 1978, akiwa na miaka 10, aliingia kwenye tamthilia ya vichekesho ya Diff'rent Strokes. Ilihusu ndugu wawili weusi wa Harlem, mtaa wa New York, waliochukuliwa na tajiri mzungu baada ya mama yao, aliyekuwa mtumishi wake, kufariki. Coleman alikuwa Arnold, yule mdogo. Ukimtazama kwa makini utaona kwamba hakuwa mtoto mzuri wa sura tu aliyewekwa mbele ya kamera. Anaambiwa neno, haharakishi kujibu. Anakunja uso, anavimbisha mashavu, anamtazama mwenzake kutoka chini kwenda juu, anasubiri. Watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, naye anaachia maneno yake pale kicheko kinapoanza kushuka. Waigizaji wazima husomea jambo hilo miaka na wengine hawalipati. Yeye alikuwa nalo akiwa na miaka 10, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayosahaulika upesi mno.

Tamthilia iliisha mwaka 1986, naye amefika miaka 18. Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. La kwanza, kazi: watazamaji walimzoea kama Arnold, na mwili wake uliendelea kufanana na wa Arnold, kwa hiyo nafasi za kuigiza mwanamume mzima hazikuja. La pili, pesa: alipotaka kujua kilichobaki, alikuta sehemu kubwa imekwenda.

Imekwendaje? Mtoto mwenye kipato kikubwa huwa mwajiri bila kujua. Kuna wakala anayemtafutia kazi, wakili, mshauri wa fedha, meneja, kisha kodi ya serikali, na kila mmoja anakata fungu lake kabla mtoto hajaona chochote. Mzazi naye akijiweka kuwa meneja anayelipwa, anakuwa anamlinda mtoto na kumtegemea kwa wakati mmoja. Mwaka 1989 Coleman aliwashtaki wazazi wake na mshauri wake wa zamani kwa matumizi mabaya ya fedha zake. Mwaka 1993 mahakama ilimpa ushindi wa dola milioni 1.28. Kwa mtu anayehitaji kusafishwa damu kwa mashine, asiye na kazi ya uhakika na aliyekwisha kulipa mawakili miaka minne, hazikutosha.

Lakini je, Marekani haikuwa na sheria ya kumlinda? Ilikuwa nayo, tena ya zamani. Jackie Coogan, aliyezaliwa mwaka 1914, aliigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921 akawa mtoto maarufu kuliko wote duniani. Alichuma mamilioni ya dola. Alipokua na kudai chake aliambiwa hana, kwa sababu sheria ya California wakati ule ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya mzazi. Alimshtaki mama yake na baba yake wa kambo mwaka 1938 na akaambulia takriban dola 126,000. Watu walikasirika, na mwaka 1939 ikapitishwa sheria inayoitwa hadi leo kwa jina lake. (Coogan mwenyewe alirudi kwenye televisheni miaka ya sitini, mzee mwenye kipara katika The Addams Family, na watoto waliompenda hawakujua ni nani.)

Tatizo ni kwamba sheria ile ilifanya kazi pale tu mkataba ulipopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na mikataba mingi haikupelekwa. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2000. Tangu hapo, California inahesabu mapato ya mtoto kuwa mali yake mwenyewe, na asilimia 15 lazima iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa hadi afike miaka 18. Coleman alikuwa amefilisika miezi michache kabla. Alifariki Mei 28, 2010, akiwa na miaka 42.

Si wote walioanza utotoni walioharibikiwa. Ron Howard aliingia tamthilia ya televisheni ya The Andy Griffith Show mwaka 1960 akiwa na miaka 6, na baadaye akawa mwongozaji wa filamu aliyepata tuzo ya Oscar. Baba yake, Rance, alikuwa mwigizaji, na alikaa naye kwenye seti. Alipoona skripti inamfanya mtoto awe mjuaji anayemdhihaki baba, aliwashauri waliotengeneza kipindi wabadilishe, nao wakakubali. Mzazi yule aliijua kazi yenyewe, na hakusubiri siku ya malipo ndipo atokee.

Turudi kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Inasema pia kwamba mtoto ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na kazi aliyoifanya. Haikuweka fungu maalumu la lazima kama lile la California, kwa hiyo mengi yanabaki kwenye mkataba na kwenye dhamiri ya mzazi.

Hili la usiku linaniuma. Nimeona mtoto amelala kwenye kiti cha plastiki, kanzu ya kuigizia imemfika hadi vidoleni, poda bado usoni, wakubwa wakigombana kuhusu taa, na kesho yake ni siku ya shule. Hakuna aliyemchukia pale. Ila hakukuwa na mtu mzima hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia saa kwa ajili yake.

Mzazi wa Bagamoyo anayeletewa karatasi ya kusaini, aulize mambo haya kabla hajashika kalamu: jina la mtoto limeandikwa wapi kama mlipwaji, saa ya kuanza na kumaliza ni ipi, na kipindi kikirudiwa au kuuzwa kwa kituo kingine kuna malipo mengine au yale ya kwanza ndiyo yote. Kisha afungue akaunti ya mtoto benki, aweke fungu la kila malipo humo, na ahifadhi stakabadhi, maana huyo mtoto siku moja ataomba kuziona.