Je, kirusi kinaweza kusababisha saratani ya matiti?

Swali hili limetoka wapi? Saratani si ugonjwa wa kuambukizwa.

Kweli, haiambukizi. Lakini zipo saratani ambazo chanzo chake ni kirusi, na hilo halina ubishi: HPV (kirusi kinachoenezwa zaidi kwa kujamiiana) na saratani ya mlango wa kizazi, homa ya ini aina ya B na C na saratani ya ini. Kinachoambukizwa pale ni kirusi, si saratani yenyewe. Kwa matiti, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na karibu nusu ya wanaougua hawana kihatarishi kinachojulikana zaidi ya jinsia na umri. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kumsaka mtuhumiwa mwingine.

Kuna ushahidi wowote?

Kwa panya, upo tena wa kutosha. Miaka ya 1930 John Bittner, mtafiti wa Jackson Laboratory huko Maine, Marekani, alikuwa na panya wa koo mbili. Ukoo mmoja ulipata uvimbe wa matiti mara kwa mara, mwingine kwa nadra. Aliwachukua watoto wachanga wa ukoo wenye ugonjwa akawapa mama wa ukoo wa pili wawanyonyeshe. Walipokua, wengi wao hawakuugua. Kumbe ubaya haukuwa katika kurithi tu, ulikuwemo pia ndani ya maziwa! Alichapisha matokeo hayo mwaka 1936, na baadaye ikathibitika kwamba kilichokuwemo ni kirusi.

Kirusi hicho hujipachika kwenye vinasaba vya seli ya titi. Kikitua jirani na jeni inayochochea ukuaji, huiwasha, na seli huanza kugawanyika ovyo. Mwaka 1982 Roel Nusse na Harold Varmus waliitambua mojawapo ya jeni hizo, ambayo leo inaitwa Wnt1. Binadamu pia tunayo.

Basi mama anaweza kumwambukiza mtoto saratani kwa kumnyonyesha?

Hapana. Hayo ni ya panya. Kwa binadamu kunyonyesha humpunguzia mama hatari ya saratani ya matiti, na kadiri anavyonyonyesha kwa muda mrefu ndivyo kinga hiyo inavyoongezeka.

Kwa binadamu, ni virusi gani vinavyoshukiwa?

Vinavyotajwa zaidi ni vinne: kimoja kinachofanana na kile cha panya, HPV, kirusi cha Epstein-Barr (jamaa wa virusi vya malengelenge), na kirusi cha leukemia, yaani saratani ya damu, ya ng'ombe. Hiki cha mwisho kilizua gumzo mwaka 2015, pale Gertrude Buehring wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake waliporipoti kuona vinasaba vyake katika asilimia 59 ya sampuli za wanawake wenye saratani ya matiti, dhidi ya asilimia 29 kwa wasio nayo. Mwaka uliofuata watafiti wengine walipekua vinasaba vyote vya uvimbe 51 wa matiti. Hawakukiona hata kimoja.

Inakuwaje majibu yanapingana hivyo?

Kipimo cha PCR, kinachotumika sana kusaka virusi hivi, hukuza chembe ndogo mno ya vinasaba hadi ionekane, kwa hiyo hata uchafu kidogo wa maabara unaweza kuonekana kama ugunduzi. Hilo limewahi kutokea. Mwaka 2006 kirusi kilichoitwa XMRV kiliripotiwa kwenye saratani ya tezi dume, na miaka michache baadaye ikabainika kwamba kilizaliwa maabara, ndani ya seli zilizokuwa zimekuzwa kwenye miili ya panya.

Hata pale kirusi kinapokuwepo kweli, swali halijaisha. Ukimkuta nzi juu ya kidonda, huwezi kusema yeye ndiye aliyekukata. Lazima ionekane kwamba kirusi kilitangulia ugonjwa, na kwamba kinafanya jambo ndani ya seli.

Kwangu mimi, dalili nzito kuliko zote inatoka kwa watu waliopandikizwa figo, wanaotumia dawa za kushusha kinga ya mwili. Saratani zinazotokana na virusi huongezeka sana kwao, kwa kuwa mwili unashindwa kuvidhibiti virusi hivyo. Ya matiti haiongezeki. Hilo halifungi kesi, lakini linaidhoofisha mno.

Chanjo ya HPV itanikinga na saratani ya matiti?

Hakuna uthibitisho wa hilo. Ichukuliwe kwa kazi yake inayojulikana: kuzuia saratani ya mlango wa kizazi na nyingine chache zinazoletwa na HPV.

Niombe kupimwa virusi hivi, basi?

Usijisumbue. Jibu lolote utakalopewa halitabadilisha matibabu yako wala halitakuambia kama utaugua. Lakini ukigusa kivimbe kwenye titi au kwapani, ukaona ngozi imebonyea au chuchu inatoa damu, nenda ukapimwe titi lenyewe, na usingoje lianze kuuma, kwa sababu mara nyingi mwanzoni haliumi.